Muuza vitambaa aliyepima vijidudu kwa punje ya mchanga

Hebu fikiria uko hivi. Unauza vitambaa kwenye mji mdogo wa Uholanzi. Chuo kikuu hujawahi kukanyaga, Kilatini hujui, na Kilatini ndiyo lugha ya wasomi wote wa siku zako. Halafu unaandikia mabingwa wa sayansi kule London barua, unawaambia kwamba kwenye tone moja la maji uliyoroweka pilipili manga umeona viumbe hai maelfu kwa maelfu, tena wanaogelea. Wewe kwa ukweli, ungejiamini?

Huyo ndiye Antoni van Leeuwenhoek, mwaka wa 1676. Kama ulifanya Bayolojia shuleni huenda ulikutana na jina lake, ukalikariri kwa ajili ya mtihani na likapotea hapo hapo. Vitabu hutuambia kwamba aliona bakteria wa kwanza, basi. Kitu kinachonivutia mimi ni kingine kabisa: jamaa alikuwa mpimaji. Kuona ni rahisi ukiwa na lenzi nzuri. Kusema ulichoona kina ukubwa gani, na mtu mwingine akakubali, hiyo ndiyo kazi.

Alizaliwa mjini Delft mwaka wa 1632. Babake alikuwa msuka vikapu, akafariki Antoni akiwa bado mtoto mdogo. Alipofika miaka 16 alipelekwa Amsterdam kujifunza biashara ya vitambaa, na mwaka wa 1654 akarudi nyumbani, akaoa, akafungua duka lake. Katika watoto watano aliozaa na mkewe Barbara, ni Maria peke yake aliyekua mtu mzima. Barbara naye akafa mwaka wa 1666. Maisha hayakumbembeleza.

Sasa angalia kazi zake zingine. Mwaka wa 1669 alipita mtihani wa kuwa mpimaji ardhi. Miaka kumi baadaye mji ukampa kazi ya kukagua mapipa ya mvinyo, yaani kuhakikisha kiasi kinachosemwa kiko ndani ya pipa ndicho kiko kweli, maana ushuru ulitozwa kwa kipimo hicho. Kitambaa, shamba, pipa. Maisha yake yote alilipwa ili asidanganywe na vipimo.

Hadubini zake hazikufanana na zile za maabara ya shule. Zilikuwa vibamba viwili vidogo vya chuma vilivyobana lenzi moja ndogo sana, na ulilazimika kukisogeza kifaa karibu kabisa na jicho. Bora kati ya zilizobaki hukuza kitu karibu mara 270. Lakini hakukuwa na rula ya kupima kitu kidogo namna hiyo. Alifanyaje? Alichukua vitu ambavyo kila mtu anavijua: punje ya mchanga, unywele, jicho la chawa (ndiyo, jicho la chawa), akalinganisha.

Mfano mmoja tu, na unaweza kuukagua kwa kikokotoo cha simu yako. Alikadiria kwamba seli nyekundu ya damu ni ndogo mara 25,000 kuliko punje ya mchanga laini, kwa ujazo. Mchanga wenyewe ni ule ambao punje 100 zikipangwa mstari zinajaza inchi moja, kwa hiyo punje moja ina upana wa karibu robo milimita. Tafuta kipeo cha tatu cha 25,000, utapata kama 29. Gawa robo milimita kwa 29: karibu mikromita 9, na mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Leo maabara husema seli hiyo ina upana wa mikromita 7 hadi 8. Mtu wa karne ya 17, na mchanga! Si mchezo.

London hawakukubali haraka, na mimi nadhani walifanya vizuri. Royal Society ilikuwa ikipokea barua zake tangu 1673, lakini hii ya pilipili ilizidi. Walitaka kuona wenyewe. Leeuwenhoek naye, badala ya kununa, alikusanya watu wanane wa kuheshimika, wakiwemo wachungaji wa kanisa, wakaangalia kwenye lenzi na kuandika ushahidi. Wengine walikadiria viumbe 10,000, wengine 30,000, wengine hata 45,000 kwenye maji yasiyozidi punje moja ndogo ya nafaka kama wimbi. Na hapa kuna kioja: alikuwa amewaomba waandike nusu tu ya idadi waliyoamini wameona, kwa sababu idadi kamili ingeonekana uongo mtupu. Wewe waionaje hiyo? Mimi inanisumbua. Mkaguzi wa mapipa akipunguza hesabu ili aaminike.

Mwishowe Robert Hooke alirudia jaribio hilo London, na mwezi Novemba 1677 wanachama wakawaona wadudu kwa macho yao. Mwaka wa 1680 muuza vitambaa akafanywa mwanachama. Niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo usinitarajie nisifurahie hapo kidogo.

Usidhani shida yake imezeeka. Mwaka wa 2015 watafiti wa MIT kule Marekani, Fei Chen, Paul Tillberg na Edward Boyden, walitoa mbinu inayogeuza mambo juu chini: badala ya kukuza picha, unaikuza sampuli yenyewe. Unajaza kipande cha ubongo au seli kwa jeli ya aina ile inayonyonya mkojo kwenye daipa, unaongeza maji, na kila kitu kinavimba mara nne na nusu hivi kila upande. Sasa hadubini ya kawaida inaona vitu ambavyo haikuweza. Lakini subiri, kama jeli imevimba zaidi upande huu kuliko ule? Ukidhani ni mara nne na nusu na kumbe ni nne, kila kipimo chako ni uongo. Kwa hiyo wanapiga picha ya sampuli ile ile kabla na baada ya kuvimba, wanazilinganisha na kuhesabu umbo limepinda kiasi gani. Tena wanatafuta ndani ya seli kitu ambacho upana wake unajulikana tayari, kama vijineli vya mikrotubuli vyenye nanomita 25. Hiyo ndiyo punje yao ya mchanga.

Mzee Antoni hakuacha kuandika. Alipima mbegu za kiume, uchafu wa meno, mzunguko wa damu kwenye mkia wa mkunga, ambao hata Tsar Peter wa Urusi alioneshwa mwaka wa 1698. Aliwahi hata kukadiria kwamba dunia ingeweza kubeba watu bilioni 13 na zaidi. Lakini jinsi alivyotengeneza lenzi zake bora hakumwambia mtu. Wageni walioneshwa hadubini za kawaida, zile kali akabaki nazo. Hilo siwezi kumsamehe: ukificha chombo, nani atakukagua?

Alifariki Agosti 1723 akiwa na miaka 90. Hadubini 26 za fedha alizowaachia Royal Society zilipotea zote. Mwaka wa 2021 watafiti walipitisha nyutroni za kinu cha nyuklia cha Delft, mji wake mwenyewe, kwenye ile inayokuza mara 270, wakaona lenzi ndani bila kufungua vibamba. Ilikuwa kijitufe cha kioo kilichoyeyushwa, kwa njia inayofanana na ile ambayo Hooke alikuwa ameichapisha kitambo.