Rosalind Franklin: picha yake ya ADN ilionyeshwa bila yeye kujua
Mwezi wa tano 1952, ndani ya maabara ya King's College mjini London, Rosalind Franklin na mwanafunzi wake Raymond Gosling walipata picha namba 51. Ilipigwa kwa miali ya eksirei, kama ile ya hospitali, nayo ilionyesha kwamba ADN, inayobeba urithi wa wazazi kwa mtoto, imejisokota.

Franklin, aliyezaliwa 1920, alikuwa ametoka kufanya kazi Paris. Hakuelewana na mwenzake Maurice Wilkins, aliyemchukua kama msaidizi, kumbe mkuu wa maabara alikuwa amemkabidhi yeye kazi hiyo. Mwezi wa kwanza 1953, Wilkins alimuonyesha James Watson wa Cambridge picha ile. Franklin hakuulizwa. Watson na Francis Crick walisoma pia vipimo vyake ndani ya ripoti, na tarehe 25 Aprili wakatangaza umbo la ADN. Makala ya Franklin ilitoka siku hiyohiyo, ikiwekwa nyuma ya yao, kana kwamba ilikuja kuwaunga mkono tu.

Kansa ilimuua tarehe 16 Aprili 1958, akiwa na miaka 37. Mwaka wa 1962, Watson, Crick na Wilkins walipewa Nobel, tuzo ambayo marehemu hapewi.