Jim Thorpe

Jim Thorpe (1887 – 28 Machi 1953) alikuwa mwanariadha wa Marekani kutoka kabila la Sac na Fox, mojawapo ya makabila ya Wamarekani wa asili.

Katika Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912 alishinda pentathloni na dekathloni, mashindano yanayopima kasi, nguvu na pumzi za mtu mmoja kwa kukimbia, kuruka na kurusha. Mwaka 1913 alinyang'anywa ushindi huo kwa sababu aliwahi kulipwa kwa kucheza besiboli.

Baadaye alicheza besiboli na futiboli ya Kimarekani kama mchezaji wa kulipwa.

Mwaka 1983 familia yake ilikabidhiwa medali mpya, lakini akihesabiwa mshindi mwenza tu. Mwaka 2022 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilimtambua kuwa mshindi pekee.