Janani Luwum na Mlango wa Amin

Siku hizi mchungaji akionekana ikulu swali letu la kwanza ni moja tu: amepewa ngapi? Mimi pia nimeuliza hivyo, nakiri. Ndiyo maana wiki hii nimemchagua askofu wa jirani zetu Uganda, ambaye naye alilaumiwa kwa kuwa karibu mno na serikali.

Janani Luwum alizaliwa mwaka wa 1922 huko Mucwini, kwa Waacholi, kaskazini mwa Uganda. Utotoni alichunga mifugo, akasoma, akawa mwalimu. Tarehe 6 Januari 1948 aliokoka, katika ule uamsho uliotoka Rwanda ukavuka mpaka hata kwetu Kenya. Mwaka wa 1969 aliwekwa wakfu kuwa askofu mjini Gulu. Rais Obote alihudhuria ibada hiyo, pamoja na mkuu wake wa jeshi, Idi Amin.

Enzi za wamishonari, kazi ya kanisa ilionekana kwa macho: shule, zahanati, hospitali. Baada ya uhuru serikali ilichukua usimamizi wa shule za misheni, na wengine wakadhani kanisa limebakiwa na Jumapili peke yake. Kumbe kazi nzito ilikuwa inakuja. Mwaka wa 1971 Amin alipindua serikali na watu wakaanza kupotea. Sasa ungeenda kulalamika wapi? Mwaka wa 1972 Jaji Mkuu mwenyewe, Benedicto Kiwanuka, alikamatwa palepale mahakamani, hakurudi. Mama aliyepotelewa na mwanawe alibaki na mlango wa kanisa tu.

Mwaka wa 1974 Luwum akawa Askofu Mkuu. Alikwenda mwenyewe kwenye ofisi za usalama, zile watu walizoogopa hata kupita karibu, kuuliza habari za waliokamatwa. Ili asikilizwe, ilimbidi abaki akizungumza na Amin ana kwa ana. Hapo ndipo lawama zilipotoka. Mtu angeweza kusema kwamba askofu kukaa na muuaji ni kumsafisha, na hilo si neno la kupuuza. Lakini angekaa mbali, nani angewaombea wafungwa wale?

Februari 1977, usiku wa manane wa kuamkia tarehe 5, wanajeshi wenye bunduki walivamia nyumba yake wakidai wanatafuta silaha. Hawakupata kitu. Maaskofu walikutana, wakamwandikia Amin barua ya kupinga uvamizi huo na mauaji yaliyokuwa yakiendelea nchini, wakatia sahihi zao. Fikiria kuweka jina lako kwenye karatasi kama hiyo wakati ule!

Tarehe 16 waliitwa Kampala, mbele ya wanajeshi, wakasomewa maandishi ya kumhusisha Luwum na njama ya kuipindua serikali. Wengine waliruhusiwa kwenda nyumbani. Yeye aliambiwa rais anataka kumwona. Askofu Festo Kivengere na mwenzake walimngoja nje hadi walipofukuzwa.

Kesho yake ilitangazwa kwamba amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Oryema na Oboth Ofumbi. Kivengere alitorokea Rwanda na mkewe, wakivuka milima usiku. Baadaye mwaka huohuo makanisa ya Kipentekoste ya Uganda, pamoja na mengine mengi, yalipigwa marufuku, na ndugu zetu wakawa wanaabudu kwa siri majumbani.

Namirembe kaburi lilikuwa limeshachimbwa, kando ya lile la Askofu Hannington, lakini serikali haikuutoa mwili. Wakristo walikuja hata hivyo, wakaimba, wakasimama kando ya kaburi tupu. Mwili ulikuwa umepelekwa na wanajeshi hadi Mucwini ukazikwe upesi. Watu wa nyumbani walipofungua jeneza, waliona matundu ya risasi.