Lubbock, Tajiri Aliyeyahami Mawe ya Kale

Kila nipitapo penye kaburi la kale nikaona mawe yake yametwaliwa kujengewa ua, humkumbuka Mwingereza mmoja, John Lubbock. Hakuwa wa dini yetu wala wa pwani yetu, lakini alilolifanya yafaa sisi wenye magofu tulitie akilini.

Alizaliwa mwaka 1834, mwana wa mwenye benki. Alipokuwa na umri wa miaka minane, mtaalamu Charles Darwin alihamia kijiji cha jirani, akawa kama mwalimu wake. Shule aliiacha mapema akaingia katika benki ya babake, ila kila apatapo nafasi alidurusu habari za wadudu na za watu wa kale. Mwaka 1865 alitoa kitabu kilichoigawa Enzi ya Mawe mafungu mawili, kongwe na mpya, na mgawo huo ungali ukifuatwa.

Huko Wiltshire, mashambani kusini mwa Uingereza, ipo Avebury: duara kubwa la mawe yaliyosimamishwa na watu wa zamani kwa ibada zao, nalo limezungukwa na handaki. Karibu yake, West Kennet, lipo kaburi la tangu yapata miaka 3,650 kabla ya Nabii Isa, ambamo ilionekana mifupa ya watu wapatao 36, wake kwa waume na watoto wao. Mawe mengi ya Avebury wenyeji walikwisha kuyapasua kwa moto na maji, wakajengea nyumba.

Mwaka 1871 ilikuwa karibu nyumba mpya zijengwe papo hapo penye duara. Lubbock akatoa fedha zake akavinunua viwanja, visijengwe. Naye akiwa mbunge, tangu mwaka 1873 alishikilia itungwe sheria ya kuhifadhi mahali kama hapo. Wenziwe wakampinga, wakidai kuwa mtu haingiliwi katika shamba lake. Hakuchoka. Mwaka 1882 sheria ikapita, ingawa makali yake yamepunguzwa, na Avebury na West Kennet zikawamo katika orodha ya kwanza.

Mwaka 1900 alipopewa ulodi, alichagua kuitwa Lord Avebury. Alifariki mwaka 1913.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Bwana huyu wa benki aliwafungulia daftari wafu asiowajua hata majina. Sisi wa kwetu twawajua kwa nasaba, na mawe yao twayaona yakichukuliwa mchana kweupe. Ni nani kati yetu ameyaandika?