Rabi wa Girona aliyejadiliana na watawa mbele ya mfalme

Ikitajwa Hispania ya zamani, sisi watu wa pwani hukumbuka Cordoba na Granada, na misikiti iliyogeuzwa makanisa. Leo, wasomaji wangu, nataka kumtaja mtu wa nchi hiyo ambaye hakuwa Mwislamu wala Mkristo. Ni Moses ben Nahman, au kwa kwetu tungemwita Musa bin Nahman, rabi wa Mayahudi wa mji wa Girona. Alizaliwa mwaka 1194, akawa mwanachuoni mkubwa na tena tabibu. Vitabu vyake vingesomwa na Mayahudi hata kama yasingemfika yaliyomfika mwezi wa Julai 1263.

Mfalme wa Aragon wakati huo alikuwa James wa Kwanza, yule aliyewanyang'anya Waislamu Mallorca mwaka 1229 na Valencia mwaka 1238. Chini ya mkono wake walikuwako Mayahudi na Waislamu wengi, na watawa wa Kidominiko walitamani wote wabatizwe. Mwaka 1242 mfalme aliamuru kwamba watu wa dini hizo mbili walazimike kuwasikiliza watawa wakihubiri. Raymond wa Penyafort, aliyekuwa mkubwa wao kwa elimu na cheo, aliwahimiza wenzake wajifunze Kiarabu na Kiebrania, kusudi wamwendee kila mtu na vitabu vyake mwenyewe. Ulikuwa mpango wa werevu, hilo lazima tukubali.

Basi akatokea mtawa aitwaye Pablo Christiani. Huyu alizaliwa Myahudi akabatizwa, na Talmudi aliijua. Alidai kwamba vitabu hivyo vya marabi vyenyewe vinashuhudia kuwa Masihi amekwisha kuja. Mfalme akamwita Rabi Musa Barcelona aje ajibu. Kukataa hakukuwezekana. Mzee huyu wa karibu miaka 70 alitaka jambo moja kwanza: apewe ruhusa ya kusema analotaka bila kuadhibiwa. Mfalme akampa, na Raymond naye akakubali, maadamu hatatukana.

Walikutana mara nne, mbele ya mfalme, wakuu wa kanisa na mashujaa wa vita. Pablo alitoa kisa kimoja cha marabi kisemacho kwamba Masihi alizaliwa siku ile ile Hekalu la Jerusalem lilipobomolewa. Rabi akajibu kwanza kwamba hakiamini kisa hicho. Kisha akasema, hata tukikikubali, hakimfai Pablo, kwa sababu Hekalu lilibomolewa miaka mingi baada ya kuzaliwa kwa Isa. Hesabu ya miaka ikamnyamazisha mtu pale barazani. Akaeleza pia kwamba vitabu vya Mayahudi si vya daraja moja: iko Biblia, ambayo wanaiamini yote, iko Talmudi, ifafanuayo sheria, na viko visa vya mawaidha, ambavyo atakaye huviamini na asiyetaka hana lawama.

Akaenda mbali zaidi. Manabii, alisema, waliahidi kwamba siku za Masihi vita vitakwisha, na yeye haoni ila ulimwengu umejaa dhuluma na damu. Akamwambia mfalme usoni kwamba yeye na mashujaa wake wangepata taabu kama wangekatazwa kujifunza vita. Akataja pia kwamba Waislamu wana utawala mpana kuliko Wakristo. Kusema hivyo mbele ya mtu aliyeiteka Valencia kulitaka moyo!

Msomaji Mwislamu hatakubaliana naye katika yote, kwani sisi twamjua Isa kuwa ndiye Masihi. Lakini rabi mwenyewe alisema kiini cha ugomvi hakikuwa hapo. Kilichomshinda kukikubali ni kwamba Muumba wa mbingu na ardhi aweze kuzaliwa na mwanamke. Hilo halihitaji kufasiriwa kwa watu wa Mombasa au Lamu.

Mjadala haukufikishwa mwisho. Mayahudi wa Barcelona waliogopa, wakamsihi rabi aache. Jumamosi iliyofuata mfalme na watawa waliingia katika sinagogi wakahubiri, na rabi akawajibu papo hapo. Kwa maelezo yake, mfalme alimpa sarafu 300 akamuaga kwa heshima. Maelezo ya Kilatini ya upande wa pili yanasema alishindwa akakimbia. Mimi naona mtu aliyeshindwa hangeyaandika majibu yake yote na kumpa askofu wa Girona, kama alivyofanya yeye.

Maandishi hayo ndiyo yaliyomponza. Mwaka 1265 watawa walimshtaki kwa kukufuru. Mfalme alikumbuka ruhusa aliyoitoa, akataka kumhamisha nchi miaka miwili tu na kitabu kichomwe. Watawa waliona adhabu ni ndogo, na Papa Clement wa Nne naye akamwandikia mfalme amwadhibu. Rabi akaona hapakaliki, akaondoka.

Mwaka 1267, akiwa na miaka zaidi ya 70, alifika Baitul Mukaddas, uliokuwa chini ya utawala wa Mamluki, zama za Sultani Baybars. Mamongoli walikuwa wameivamia nchi mwaka 1260 na mji ulikuwa magofu. Alimwandikia mwanawe kwamba watu wa mji walikuwa kama 2,000, Wakristo wakiwa 300, na Mayahudi wenyeji ni ndugu wawili tu, mafundi wa kutia nguo rangi. Siku za Sabato watu wachache walikusanyika kwao kusali. Wakaipata nyumba iliyobomoka, yenye nguzo za marumaru na kuba zuri, wakaifanya sinagogi. Misahafu ya Torati, iliyokuwa imekimbizwa Nablus kwa kuwaogopa Mamongoli, ikarudishwa.

Baadaye alihamia Akka. Huko alionyeshwa sarafu ya fedha ya kale yenye maandishi ya zamani, Wasamaria wakamsomea, na mzee akafurahi kama mtoto, akaongeza habari hiyo katika tafsiri yake ya Torati. Alifariki mwaka 1270. Haifa, Akka, Hebron na Jerusalem, kila mji una watu wanaodai kwamba kaburi lake liko kwao.