Munshi Ram: Mlevi wa zamani aliyefundisha vijana kuitawala nafsi

Mfanyabiashara anayefuata mzigo Nairobi hukutana na jina la Arya kwenye mabango ya shule za jiji hilo. Jina hilo limetokana na Arya Samaj, chama cha dini cha Wahindu kilichoanzishwa Bombay mwaka 1875 na Swami Dayananda Saraswati. Chama hicho kilifika Nairobi mwaka 1903, kikiletwa na Wahindi waliokuja enzi za ujenzi wa reli. Mwaka mmoja kabla, huko India Kaskazini, mwanachama wake mmoja alikuwa amehamishia shule yake porini, kando ya mto Ganges. Aliitwa Munshi Ram. Baadaye dunia ilimjua kwa jina la Swami Shraddhanand.

Alizaliwa mwaka 1856 katika kijiji cha Talwan, wilaya ya Jalandhar, jimbo la Punjab. Baba yake alikuwa ofisa wa polisi wa serikali ya Kiingereza, akihamishwa mji hadi mji, na kijana akakua bila kutulia shule moja. Fedha ya matumizi ilikuwapo, wa kumzuia hakuwapo. Alizoea pombe, akafuatana na marafiki wabaya, na dini akaiacha kabisa.

Mwaka 1879, mjini Bareilly, baba yake alipewa kazi ya kulinda amani kwenye mihadhara ya Swami Dayananda, akamshawishi mwanawe aende kusikiliza. Munshi Ram alikwenda akitarajia kucheka. Alirudi akiwa na maswali mengi, lakini chupa hakuiacha siku hiyo. Tabia ya miaka haiondoki kwa hotuba moja.

Usiku mmoja alirudi nyumbani amelewa hata kutapika. Mkewe, Shiv Devi, alimsafisha, akamlaza na kukaa karibu naye. Alipozinduka usiku wa manane aligundua kwamba mke huyo hakuwa ametia kitu mdomoni, kwa sababu hakuwa tayari kula kabla ya mumewe. Aibu ya usiku ule hakuisahau, na alipokuja kuandika habari za maisha yake aliieleza wazi bila kujificha.

Alisomea sheria Lahore, akajiunga na Arya Samaj mwaka 1885, akaacha pombe na nyama, na akawa wakili mwenye wateja wengi Jalandhar. Siku moja binti yake mdogo alirudi kutoka shule ya misheni akiimba wimbo wa Kikristo. Baba hakumgombeza mtoto. Alijiuliza ni shule gani wao wenyewe wamewajengea mabinti zao. Akashirikiana na shemeji yake, Lala Devraj, kuanzisha shule ya wasichana mjini humo. Mwaka 1891 Shiv Devi alifariki na kumwachia watoto wanne. Ndugu walimhimiza aoe tena, akakataa.

Kisha likaja wazo la gurukul, yaani shule ya kale ya Kihindu ambamo mwanafunzi huishi na mwalimu wake. Wengi waliliunga mkono kwa maneno, fedha hazikutoka. Mwaka 1899 Munshi Ram aliapa kwamba hatakanyaga nyumbani kwake mpaka akusanye rupia 30,000. Alifunga ofisi ya uwakili, akazunguka mji kwa mji akigonga milango ya watu. Anayechukua mali kauli anajua uzito wa ahadi ya namna hiyo. Kabla mwaka haujaisha, fedha zilikuwa zimetimia.

Shule ilianzia Gujranwala mwaka 1900. Tajiri mmoja, Munshi Aman Singh, alipotoa kijiji chake cha Kangri karibu na Haridwar, ikahamia huko mwaka 1902. Miongoni mwa wanafunzi wa kwanza walikuwamo wanawe wawili wa kiume, Harishchandra na Indra. Hakuomba mtoto wa mtu kabla ya kutoa wa kwake.

Maisha yalikuwa magumu kwa makusudi. Mvulana aliingia akiwa na umri wa miaka saba au minane, na akatarajiwa kukaa hadi karibu miaka 25 bila kuoa, katika nchi ambako watoto wengi waliozwa mapema. Waliamka kabla ya alfajiri, wakaoga maji baridi ya mto, wakasali na kufanya ibada ya moto, kisha mazoezi ya viungo. Chakula hakikuwa na nyama, mavazi yalikuwa ya kawaida, na mtoto wa tajiri hakutofautishwa na wa maskini. Kando ya Kisanskriti na vitabu vya Veda walisoma sayansi za kisasa, na zote kwa Kihindi. Vitabu vilipokosekana, walimu walianza kuviandika.

Mtihani wa mafunzo hayo ulikuja mwaka 1913, Gandhi alipokuwa akipigania haki za Wahindi Afrika Kusini. Vijana wa Kangri walijinyima maziwa na samli, wakafanya kibarua, na ujira wao ukatumwa kusaidia mapambano yale. Gandhi hakusahau. Alipokwisha kurudi India alikwenda mwenyewe Kangri, mwaka 1915, kumshukuru mwalimu na wanafunzi wake.

Munshi Ram alitoa nyumba yake na mtambo wake wa kuchapia magazeti viwe mali ya shule. Mwaka 1917 akavaa kanzu ya rangi ya zafarani ya mtawa na kuchukua jina la Shraddhanand. Machi 1919, mjini Delhi, askari walipoelekeza singe kwa umati, alisimama mbele yao kifua wazi na kuwatuliza watu. Siku chache baadaye Waislamu walimkaribisha kuhutubia katika msikiti mkuu wa Jama Masjid, heshima adimu kwa Mhindu.

Umoja ule haukudumu. Alipoongoza juhudi za kuwarudisha kwenye Uhindu watu waliosilimu, uhasama ulikua. Tarehe 23 Desemba 1926, akiwa mgonjwa kitandani Delhi, alipigwa risasi na mtu aliyeingia kama mgeni.

Mafuriko ya mwaka 1924 yaliharibu majengo ya Kangri, lakini shule ilijengwa upya karibu na Haridwar, na leo ni chuo kikuu. Mwanzilishi wake alijua jinsi nafsi inavyomshinda mtu, maana ya kwake iliwahi kumshinda. Kila alichowataka watoto wajinyime, yeye alikuwa amekwisha kujinyima.