Daktari Burkitt wa Mulago

Jirani yetu mmoja hapa Nyamirambo alirejea kutoka ng'ambo, alikotiwa uboho wa ndugu yake. Tulikwenda mbio kumpa mkono, tukazuiliwa mlangoni: tunawe kwanza, na mwenye mafua arudi kwao. Mimi niliona ni maringo. Dada yangu, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyenieleza kwamba chembe zake za zamani ziliuawa kwa dawa, na hizo mpya huchukua miezi mingi kabla ya kujua kupigana na maradhi. Tena yuko adui asiyetoka nje, amelala mwilini tangu utotoni. Huyo ni kirusi cha Epstein-Barr, na habari yake ilianzia Uganda, kwa Daktari Denis Burkitt.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1911 mjini Enniskillen, Ireland. Alipokuwa na miaka 11 jiwe lilimpofua jicho moja, naye akawa mpasuaji hata hivyo! Mwaka 1946 alifika Lira, kisha akahamia Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya pande zote. Majuma machache baadaye, akiwa Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso ule ule. Jambo hilo likamnyima raha. Kisu hakikufaa kitu. Baadaye dawa ndizo zilizoyeyusha uvimbe kwa baadhi ya watoto. Mwaka 1961 yeye na wenziwe Williams na Nelson walipanda gari kuukuu, wakasafiri majuma 10, maili 10,000, wakiuliza hospitali hata hospitali mpaka Afrika ya Kusini. Wakaona saratani ile hupenda penye joto na mvua, wala haipandi sana milimani.

Mwaka huo huo Anthony Epstein alimsikia akihutubu London, na vipande vya uvimbe vikaanza kupelekwa kwake kwa ndege. Kimoja kilicheleweshwa na ukungu, kikafika maji yake yamechafuka kana kwamba kimeoza. Kumbe ni chembe hai zinaelea. Mwaka 1964 kirusi kikaonekana.

Watu wazima karibu wote duniani wanacho, huambukizwa kwa mate, na wengi hakiwadhuru. Lakini aliyetiwa uboho wa mtu mwingine hupewa pia dawa za kuzituliza chembe ngeni zisimshambulie, na hapo kirusi huweza kuamka: homa hupanda, mitoki huvimba, hata saratani huzuka. Kwa hiyo madaktari humpima damu mara kwa mara, wapate kuwahi.

Burkitt alifariki mwaka 1993. Jirani yetu siku hizi huketi barazani jioni, na ndoo ya maji ingali mlangoni.